Ndoo Moja, Udongo Mmoja

Kuna wanaume wakiudhika hutukana, na kuna wanaume wakiudhika huchukua bakora wakaenda zao barazani. Hamoudi, alipokuwa kijana, akiudhika aliapa kwa talaka. Ndiyo iliyokuwa chumvi ya maneno yake. Siku moja alisimama sokoni Bagamoyo mbele ya kaumu ya watu na kusema, "Kama samaki huyu ni wa leo, basi mke wangu si mke wangu!" Watu wakacheka, muuzaji akanuna, na huko nyumbani mkewe akiletewa habari moyo ukampasuka. Mungu ni msitiri, samaki alikuwa wa jana kweli.

Mke mwenyewe ni Jokha, mshonaji wa kofia, binti ya marehemu Bi Miza wa Mbegani. Talaka ni tatu, kila mtoto wa chuoni anajua, na za Jokha mbili zilikwisha kutumika. Ya kwanza aliipata kwa sababu ya arusi: alikwenda kwao Mbegani kucheza bila ya ruhusa, aliporudi akaikuta talaka imekaa mlangoni inamngoja. Siku ya tisa Hamoudi akaenda kulia kwa mama mkwe, akamrejea. Ya pili ilikuwa ya pweza. Naam, pweza! Alikuwa mgumu, Hamoudi akamtafuna mpaka taya likamuuma, akasukuma sahani akasema, "Nimekuacha!" Kabla sahani haijaondolewa mkekani alikuwa amekwisha toka mbio barazani kuita mashahidi wawili waje wasikie kwamba amemrejea. Mji mzima ulicheka. Jokha hakucheka. Alijua kwamba imebaki moja tu, na hiyo ya tatu haina kurejea. Mke akishaachwa ya tatu, ndiyo basi, mpaka aolewe na mume mwingine, akae naye kwa haki, na huyo naye amwache. Na ule mwaka wa mkasa huu alikuwa na miaka arubaini na mbili, mwanawe Sheha mtu mzima huko Unguja: aanze mambo hayo?

Hamoudi naye aliogopa. Tangu siku ya pweza aliufunga ulimi wake, miaka minane, asiape hata kwa utani. Akaoa mke wa pili, Fatu binti Mwinyijuma, wa watu wenye mashamba, wa hapo hapo mjini, na wala hakuapa. Watu wakasema Hamoudi amekua. Jokha akaanza kulala usingizi.

Basi mwaka ule wa hamsini na mbili, mwezi wa Shaabani, watu walikuwa wanapaka nyumba zao chokaa kuupokea mwezi mtukufu. Masika ilikuwa haijaisha. Hamoudi akatangaza mbele ya sinia la wali: "Vyumba vyenu vyote viwili vitapakwa chokaa iliyotiwa udongo wa rangi ya liwa. Ndoo moja, udongo mmoja. Yasije yakazuka maneno."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Fatu alikuwa mcheshi, na moyo wake haukuwa na kinyongo, lakini haki yake aliijua kama anavyojua jina lake. Bi Mkubwa akipata doti ya kanga, na yeye doti. Sukari ya wake wawili Hamoudi aliipima kwa mizani ya dukani, na Fatu husimama pale pale akitazama mshale. "Mimi sina ugomvi na Bi Mkubwa," husema. "Ugomvi wangu na mshale."

Fundi alikuwa Pazi, mtu wa chokaa toka ujana wake. Alianza na chumba cha Fatu siku ya Jumamosi, jua lilichomoza kidogo siku ile, mpaka Jumapili jioni chumba kikawa kimekauka. Kile cha Jokha akakipaka Jumatatu asubuhi, huku manyunyu yanaanguka. Hamoudi aliingia mara mbili kutazama, akatoka akijipangusa mikono. Alipokuwa anakwenda dukani alimwambia Jokha, "Usiseme kitu mpaka ikauke. Chokaa mbichi ni mwongo. Subiri ikauke, ndipo useme."

Angesubiri! Lakini nani amewahi kumwona mwanamke ambaye chumba chake kimepakwa rangi, akakaa nje bila kutazama?

Jokha aliingia. Akaduwaa. Ukuta wake ulikuwa kama tope la barabarani. Rangi ilikuwa ya kijivu, mabaka mabaka, kama uji wa mtama ulioungua chini. Akasema labda ni macho. Akavuka ushoroba, akapiga hodi kwa Fatu, akaingia. Subhanallah! Kwa Fatu kulikuwa na liwa yenyewe, ile wanawake wanayosaga wakajipaka usoni, imetulia, imenawiri, chumba chote kinacheka. Jokha hakuwa mtu wa kukisia. Kofia zake alizishona kwa nyuzi za hariri zenye rangi zinazokaribiana mno, na akijua uzi huu na ule hata katika chumba chenye giza. Akachukua uzi wake wa liwa akauweka ukutani kwa Fatu: uzi ukapotea, hauonekani. Akarudi kwake akauweka: uzi ukaonekana toka mlangoni.

Akavumilia mpaka adhuhuri. Hamoudi alirudi na njaa, viatu vimelowa, Fundi Pazi bado yuko uani anaosha brashi zake za makumbi ya nazi. Jokha akamshika Hamoudi ushorobani.

"Baba Sheha, huu ndio uadilifu? Mwenzangu liwa, mimi tope?"

"Nimekuambia usubiri ikauke," Hamoudi akasema kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa Fatu. "Nyamaza basi, mke wangu. Subiri."

"Ikauke iwe nini? Tope likikauka huwa vumbi. Mimi nashona kofia, Bwana, rangi mbili nazijua. Hizi ni mbili."

Mlango wa Fatu ukafunguka. Alitokeza kichwa, ushungi begani, macho yamemtoka. "Mbili? Rangi mbili? Bwana, si ulisema ndoo moja? Basi ipi iliyo bora? Nambie, ipi?"

Hamoudi akatazama huku, akatazama kule. Uso ulimwiva. Jasho likamtoka mtu katika baridi ile ya masika. Na Jokha, Mungu amsamehe, akaongeza: "Mwulize mumeo. Yeye ndiye aliyezipanga."

"Ni moja!" Hamoudi akapiga kelele. "Ndoo moja, udongo mmoja! Na kama ni mbili, Jokha, basi nimekuacha!"

Manyunyu yalisikika juu ya bati. Uani brashi ya Pazi ilianguka ndani ya ndoo.

Hamoudi alikuwa ameuziba mdomo wake kwa kiganja, lakini lililotoka limetoka. Jokha alishika ukuta wa mlangoni kwake, na chokaa mbichi ikamganda mkononi. Neno lake mwenyewe lilikuwa linamzunguka kichwani: hizi ni mbili, hizi ni mbili. Ni yeye aliyesema. Alipiga kelele kwamba ni mbili, na sasa kama ni mbili hana mume.

"Yarabi!" Fatu akasema. "Yarabi! Bi Mkubwa, sema ni moja. Sema upesi!"

Lakini talaka haiondoki kwa kusema upesi. Wakamwita Maalim Sharifu, aliyewasomesha chuoni nusu ya mji, akaja na mwavuli wake na kikohozi chake. "Shikamoo Maalim," wakasema wote kwa sauti za watu wenye maiti ndani. "Marahaba, marahaba," akasema, akaketi, akamwambia Hamoudi arudie kauli yake neno kwa neno. Hamoudi akairudia, machozi yanamchirizika ndevuni. Maalim akazitazama mvi zake.

"Mtu mzima wewe," akasema. "Mvi hizo. Kwa sababu ya chokaa?"

Hamoudi akainama.

"Haya. Kauli yako umeifunga kwa sharti. Kama rangi ni mbili, huyu ameachika tangu pale uliposema, na ni ya tatu. Kama ni moja, ni mkeo, nenda katubu. Pazi, chokaa hii itakauka lini?"

Pazi alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Kwa mvua hii, Alhamisi, Maalim."

"Basi chokaa mbichi haihukumiwi. Nitakuja Alhamisi baada ya alasiri. Mpaka hapo, Hamoudi, utalala dukani. Hutaingia kwake, hutamgusa, hutasema naye."

Wakatoka. Hamoudi alipofika kizingitini aligeuka kama anayetaka kumwambia Jokha kitu, Maalim akamsukuma mgongoni kwa mwavuli.

Ndipo zikaanza zile siku tatu. Huenda umewahi kungoja wali uive na wageni wamekwisha nawa mikono. Ongeza juu yake ndoa ya miaka ishirini na mbili. Jokha aliketi juu ya kigoda katikati ya chumba chake na kuutazama ukuta. Jumanne ulikuwa tope. Alitoa uzi, akauweka, akauona, akaurudisha kikapuni. Baada ya kitambo akautoa tena.

Mara mlango ukapigwa teke, na Fatu akaingia na jiko la makaa mikono miwili, linawaka.

"Sogea, Bi Mkubwa, lisikuunguze."

"Nini hicho?"

"Kukausha. Mvua haina haraka, sisi tuna haraka." Akaliweka karibu na ukuta, akachutama, akapepea. Alikuwa anapepea kwa hasira, kama makaa yamemkosea.

Jokha akamtazama. "Wewe Fatu, nikitoka mimi, nyumba yote ni yako. Huna faida katika jambo hili."

"Faida?" Fatu akasema bila kugeuka. "Na huyu mtu nimvumilie peke yangu? Siku ya zamu yangu akinichosha, ya pili nakutupia wewe, nashusha pumzi. Ukiondoka nitashusha wapi?" Kisha upepeo ukapunguza mwendo. "Na tena, mimi ndiye niliyeuliza ipi iliyo bora. Ulimi wangu nao ulikuwamo."

Baadaye wakacheka, wote wawili, kwa sababu Fatu alikuwa na masizi puani. Halafu Jokha akalia, na Fatu akamwacha alie.

Jumatano ukuta ulianza kubadilika. Kijivu kiliondoka kona moja, kikafuata kona ya pili. Pazi alikuja kutazama, akapapasa kwa mgongo wa mkono. "Unakuja," akasema. Hakusema zaidi, na Jokha aliona kwamba fundi hamtazami usoni. Fatu alikwenda kwake, akarudi kwa Jokha, akaenda, akarudi, mpaka kanga ikamdondoka. "Zinakaribiana! Wallahi, Bi Mkubwa, zinakaribiana!" Jokha akauweka uzi. Uzi ulikuwa bado unaonekana, lakini ukitazama kwa karibu tu. Siku hiyo alikula matonge matatu ya ugali. Zilikuja habari kutoka dukani kwamba Hamoudi hajala kitu na kwamba amewauzia watu mafuta ya taa kwenye chupa za siki.

Alhamisi asubuhi mvua ilikatika. Jokha alikuwa amekaa na kofia yake mapajani, sindano mkononi, anajilazimisha kushona. Jua likaingia dirishani, likavuka sakafu, likapanda ukutani. Akainua macho.

Sindano ikamchoma kidole na hakujua.

Hakuwa Bagamoyo. Alikuwa Mbegani, chumbani kwa mama yake. Ukuta ndio ule. Rangi ya liwa, ndiyo, lakini ndani yake mna wekundu wa mbali, kama wa unga wa muhogo uliopata moto kidogo, na jua likiupiga wekundu ule huja mbele kisha hurudi. Alipougua surua, mtoto wa miaka sita, aliutazama ukuta ule siku kumi na mbili, mama yake ameketi kichwani pa kitanda. Alizaliwa mbele ya ukuta ule, akaposwa, akamzaa Sheha. Mwaka jana Bi Miza alipofariki paa likaanguka, mvua ikaingia, kuta zikaoshwa zikabaki mawe. Jokha alirudi mazikoni akasema, akila, bila kumwambia mtu yeyote, "Sitauona tena ukuta ule." Hamoudi alikuwa anachambua mwiba wa samaki. Jokha alidhani hakumsikia.

Mama yake udongo wake aliuchimba mwenyewe, nyuma ya nyumba, penye kisima. Haupatikani pengine.

Na hapo Jokha akakumbuka kanzu. Wiki mbili zilizopita Hamoudi alirudi jioni, upindo wa kanzu umejaa udongo. "Nilikwenda Mbegani kutazama nazi," akasema. Jokha alimgombeza. Kanzu nyeupe kama ile, mtu mzima, umekwenda kugaagaa? Aliisugua mara tatu, na maji katika beseni yalikuwa ya rangi hii. Rangi hii hii. Aliyamwaga uani kwa mikono yake.

Furaha ikamjaa mpaka kifua kikamuuma. Mtu huyu, mwenye ulimi wake ule, alikwenda akachimba! Kwa ajili yake! Alisikia siku ile juu ya sahani ya samaki, na akanyamaza, na akaenda.

Kisha wazo la pili likaja nyuma ya lile la kwanza. Kwa Fatu hakuna udongo wa Mbegani. Basi si udongo mmoja. Basi ni mbili. Basi alijua! Aliposimama ushorobani akasema ndoo moja, udongo mmoja, alikuwa anajua kwamba si mmoja. Alimficha Fatu hisani aliyomfanyia Jokha, akaificha kwa kiapo, na kiapo kikamkata yule yule aliyefanyiwa hisani.

"La," akasema kwa sauti. "La, la, la."

Akachukua uzi. Akauweka ukutani: ukapotea. Akaenda kwa Fatu, akauweka: ukapotea vile vile. Fatu akamwona, akapiga kigelegele, akamkumbatia. "Zimekuwa moja! Sikukuambia? Moja!" Jokha alikumbatiwa, mikono yake inaning'inia. Hakuna jicho mji mzima litakaloona mbili, ila la aliyelala na surua chumba kile. Na Pazi atanyamaza, maana fundi hula kwa kunyamaza. Akinyamaza na yeye, ni mke wa mtu. Atapika futari ya mwezi mtukufu. Atalala na mumewe mbele ya ukuta wa mama yake, na itakuwa haramu kila siku, na watakaoijua ni yeye na Hamoudi na Pazi na Mungu.

Nitanyamaza, akasema moyoni. Wallahi nitanyamaza.

Baada ya alasiri wakaja. Maalim Sharifu na mwavuli wake, jirani Mrisho awe shahidi, Pazi, na Hamoudi nyuma yao, amekonda kwa siku tatu, kanzu imekunjamana. Maalim aliingia chumba cha Jokha, akautazama ukuta, akakohoa. Akavuka kwa Fatu, akatazama. Akarudi. Akamtuma Mrisho naye aende arudi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mrisho, unaona nini?"

"Naona moja, Maalim. Hata ukinitoa jicho."

"Fatu?"

"Moja!"

"Mimi pia naona moja," Maalim akasema, na uso wake ukakunjuka. "Alhamdulillahi. Sheria hufuata kilicho dhahiri. Limebaki jambo moja dogo, tumalize. Hamoudi, wewe uliapa kwa ndoo na udongo, na hayo macho hayayaoni. Umetia udhu? Basi shika msahafu useme kwamba uliposema udongo mmoja, ulisema unalolijua."

Msahafu ulikuwa juu ya marfaa, umefunikwa kwa kitambaa cha kijani. Pazi alitazama vidole vya miguu yake. Hamoudi akamtazama Jokha, mara ya kwanza tangu Jumatatu, na Jokha akauona uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Angeushika. Aliyekuwa hakosi hata sala moja, aliyepima sukari kwa mshale, angeweka mkono wake juu ya maneno ya Mungu na kusema uongo, ili asimkose. Mkono ulitoka katika kanzu. Maji ya udhu yalikuwa hayajakauka.

"Usiushike," Jokha akasema.

Wote wakageuka.

"Usiushike, Hamoudi." Akamgeukia fundi. "Fundi Pazi, udongo wa chumba changu ulitoka wapi?"

Pazi akamtazama bwana mwenye nyumba, na bwana mwenye nyumba alikuwa amefumba macho.

"Mbegani, Bi Mkubwa. Nyuma ya nyumba ya marehemu mama yako, penye kisima. Bwana aliuchimba mwenyewe, akauleta kwa kikapu. Aliniambia nisiseme mpaka ukauke. Alitaka uuone mwenyewe kwanza."

"Na wangu?" Fatu akauliza polepole.

"Wa Vigwaza. Ulikuja na lori."

Fatu akaketi chini, pale pale sakafuni. Miaka sita amekuwa akilinda mshale wa mizani, na siku ile hakudai kitu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Maalim Sharifu. Miwani ilikuwa imemteremka puani na hakuipandisha. "Tangu Jumatatu, basi. Tangu pale uliposema."

"Nilimwambia asubiri ikauke," Hamoudi akasema. Alisema kama mtoto anayeshtaki, na hakuna aliyejua anamshtaki nani. "Jokha, sikukuambia usubiri?"

"Uliniambia," Jokha akasema. "Nami sikusubiri. Wala ulimi wako haukusubiri."

Alitaka kusema na la tatu, kwamba hajapata kufanyiwa jambo zuri kama lile maisha yake yote, lakini hakuwa mumewe tena na kulikuwa na wanaume chumbani. Akavuta ushungi akajifunika uso.

Maalim akasema yaliyobaki, kwa sauti ndogo, kama anayesoma hitima. Mke aliyeachwa ya tatu hukaa eda nyumbani alimoachiwa, mpaka tohara tatu za hedhi zipite. Haondolewi. Hamoudi atamtunza kwa chakula na nguo, na mguu wake hautakanyaga chumba hiki. Eda ikiisha, Jokha atakwenda anakotaka.

"Atakaa humu?" Mrisho akauliza. "Chumba hiki hiki?"

"Chumba hiki hiki," Maalim akasema. Wakatoka mmoja mmoja, na Pazi akarudi kuchukua brashi aliyoisahau, akatoka tena bila kuaga.

Jokha akabaki na ukuta. Jua lilikuwa linashuka, wekundu ule ukaja mbele. Hakuweza kulia. Aliutazama tu, kinywa wazi, kama mtu aliyepigwa kofi na mkono uliokuwa unampa zawadi.

Magharibi ilipopita Fatu aliingia na sahani: wali, na kipande cha pweza, laini, kimepikwa mpaka kinakatika kwa kijiko. Akaiweka chini. Hakutoka. Alikuwa anazungusha pindo la kanga kidoleni.

"Ananituma," akasema. "Nimemwambia haifai, lakini unamjua. Anauliza neno moja tu. Anauliza, ndio wenyewe?"

Jokha aliunyosha mkono akaugusa ukuta. Ulikuwa mkavu kabisa, na ulikuwa na joto la mchana.

"Mwambie ndio wenyewe."

Fatu hakwenda mbali kumwambia. Hamoudi alikuwa ameketi chini ushorobani, ameegemea ukuta ule ule kwa upande wa pili, na alikuwa amekwisha kusikia.